Rangi Iliyochaguliwa kwa Glavu

Mara ya mwisho mliniacha bafuni, mlango nimeufunga kwa ndani, mkononi nina ganda la kompyuta na ndani ya ganda kuna kipande cha sabuni. Kuna walioniuliza kama nilicheka. Sikucheka.

Kwa aliyechelewa kufika: kazi yangu ni rangi. Kampuni yetu inatengeneza kompyuta ndogo ya kushika mkononi, ya wauguzi, watembee nayo wodini kutoka kitanda hadi kitanda. Mainjinia wanahangaika na matumbo yake. Mimi nahangaika na ngozi: iwe ya rangi gani, ing'ae au ising'ae, iteleze au ikwaruze. Ganda la nje bado ni siri ya kampuni, na ni marufuku kulitoa getini. Nililitoa. Nililifunga ndani ya sweta nikapita nalo kwa mlinzi, kwa sababu nilitaka kuliona chini ya balbu ya sebuleni kwangu, kama litakavyoonwa na watu. Taa za ofisini hupamba kila kitu. Nikaliweka juu ya kabati nikilishikia sweta, nikalala. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea na bado hajasema anaondoka lini, akaliona.

"Mwanangu, umelala humo?" aliniita kutoka koridoni.

"Natoka sasa hivi, mama."

"Umekiona kile kisahani cha sabuni nilichowatafutia? Kilikuwa kimekaa tu, hakina kazi. Kina na vitundu vya kutolea maji. Aliyekibuni ana akili."

Vitundu vile ni vya spika. Injinia wetu aliumiza kichwa juu ya vitundu vile mpaka akaacha kula mchana. Nikamjibu mama mkwe kwamba nimekiona na ahsante sana, maana mkwe hajibiwi vinginevyo.

Nikatoa sabuni. Ile rangi ya kijani cha parachichi, tuliyoitafuta mpaka tukawa tunaiota, ilikuwa imevimba. Nilipopitisha kidole gumba, rangi ikaja na kidole. Chini yake ikachungulia plastiki ya kijivu.

Mtasema, kitu kimelala kwenye sabuni, kitaachaje kubabuka? Nami nilijifariji hivyo hivyo. Nikageuza upande wa nyuma, ambao haukuguswa na sabuni wala maji. Nikalowesha kidole bombani, nikasugua kidogo tu. Nao ukatoka.

Nikakaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea.

Mkasa wangu wote umesimama juu ya jambo moja, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Ofisini kwetu hakuna mtu aliyewahi kushika ganda kwa mkono mtupu. Mkurugenzi wetu ana sheria yake: sampuli haishikwi bila glavu nyeupe za pamba, kwa sababu alama za vidole zinadanganya macho. Ukiingia chumba cha rangi bila glavu anakutoa nje kama umekanyaga zulia jipya na matope. Akiwa hayupo tunamwita Glavu. Basi tulichagua rangi kwa glavu, tukalinganisha kwa glavu, tukagombana kwa glavu. Kompyuta ya mkononi, na hakuna mkono ulioigusa. Mkono wa kwanza ulikuwa wa mama mkwe wangu, tena ukiwa na povu.

Na aliyeipaka rangi hiyo ni mdogo wangu.

Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Wazazi walipotutoka, nilimbeba mgongoni wakati mimi mwenyewe bado nabebeka. Sasa ni fundi rangi. Ana karakana nyuma ya chumba anachokaa na mkewe: kinyunyizio kimoja, feni moja, na pazia la nailoni la kuzuia vumbi. Aliacha ajira ya kudumu kwa sababu mimi nilimwambia njoo, huku kwetu kazi inakuja. Na ilikuwa imekuja kweli. Mkurugenzi alishasema wazi: fundi ambaye rangi yake itasainiwa ndiye atakayepaka maganda yote. Isiposainiwa, kazi inakwenda kwenye kiwanda kikubwa, na mdogo wangu anashusha pazia lake la nailoni na kufunga mlango.

Kusaini kulikuwa asubuhi hiyo hiyo.

"Mwanangu," mama mkwe akagonga, "na sisi wengine tunanawa."

Nikalikausha lile ganda kwa taulo. Likanata. Nikalikausha tena, taulo likawa kijani na ganda likazidi kunata. Nikatupa macho kwenye rafu. Kulikuwa na miswaki, mafuta ya mgando, na poda ya mtoto. Nikaimwaga poda, nikaisambaza kwa pamba, nikapuliza. Kunata kukakoma. Kwa mtu mwenye haraka, lilikuwa ganda la kijani lililofifia kidogo pembeni.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Nifike mapema, nilirudishe mahali pake, nimpigie mdogo wangu simu aje na dawa ya hiyo rangi yake, halafu niombe kusaini kuahirishwe. Mlinzi wetu hukagua wanaotoka. Wanaoingia hana habari nao, hata uingie na kitanda.

Nilipofika, taa ya chumba cha rangi ilikuwa inawaka.

Chumba kile kina kuta za kijivu na hakina picha hata moja. Pazia halifunguliwi. Ukiingia unavaa koti la kijivu juu ya nguo zako, ili wekundu wa blauzi yako usiruke ukaingia kwenye sampuli. Katikati kuna meza, na juu ya meza kuna sanduku la taa. Mkurugenzi alikuwa ameshakaa, glavu mkononi. Injinia alikuwa anapiga miayo pembeni yake. Ukutani alikaa mdogo wangu, kapiga pasi, kachana nywele, magoti pamoja.

"Nimewaita wenzako mapema," Mkurugenzi akasema. "Mteja anakuja asubuhi hii, si kesho. Ganda la kijani liko wapi? Nimeona mengine tu."

"Nililifungia, bosi. Vumbi."

Nikageuka ukutani nikavaa koti, nikavaa glavu, nikalitoa ganda kwenye sweta huku nimewapa mgongo. Mdogo wangu alinitabasamia. Sikuweza kumrudishia.

Mkurugenzi alianza na la samawati. Akaliingiza ndani ya sanduku, akabonyeza taa ya mchana, akabonyeza taa ya jioni. "Sare ya shule," akasema, akaliweka kando. Akashika la kijivu. "Hili linasema tumekata tamaa." Akaliweka kando. Kisha akachukua la kijani.

Akaligeuza. Akalisogeza karibu na uso wake. Nikaanza kuandaa maneno ya kuomba msamaha.

"Hapa pembeni pamefanywa nini?"

"Wapi, bosi?"

"Hapa. Juzi halikuwa hivi. Juzi lilikuwa limeshiba rangi, linanitazama machoni. Leo lina ukungu." Akamvuta Injinia kwa mkono wa koti. "Njoo uone. Kila siku nawaambia sitaki king'aacho, king'aacho ni cha mnadani. Sitaki kilichokufa pia. Nilikuwa nakosa neno. Neno ni ukungu."

Injinia akainama, akakodoa. "Mimi naona limefifia."

"Halijafifia. Limetulia. Linaonekana kama kitu kilichozoeana na mkono." Akainua uso. "Nani kafanya hivi?"

Nikafungua kinywa. Nawaapia nilikifungua. Mdogo wangu alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi, bosi. Tabaka la mwisho nilibadilisha kidogo."

"Unaweza kuyafanya yote yawe hivi?"

"Naweza."

"Yote? Lisitofautiane hata moja?"

"Bosi, mimi ndiye niliyelipaka."

Sisi ganda likishasainiwa tunaliita mama. Linawekwa kabatini peke yake, na mengine yote yatakayozaliwa kiwandani yanaletwa mbele yake, yasipofanana naye yanarudishwa. Mkurugenzi akatoa kalamu, akaandika jina lake upande wa ndani, pale pale ilipolala sabuni ya mama mkwe. Akaacha nafasi chini ya jina lake. Hapo palikuwa pa mteja: matroni wa hospitali itakayochukua kompyuta za kwanza.

"Akisaini yeye," Mkurugenzi alimwambia mdogo wangu, "unaanza."

Nilimkamata kwenye ngazi, karibu na mtungi wa maji ya kunywa. Nilimshika mkono wa shati mpaka pasi ikaharibika.

"Tabaka la mwisho gani?"

"Dada, usinikazie macho. Bosi kalipenda. Nitajua baadaye nilifanyaje."

"Hukufanya wewe. Ni sabuni. Na poda ya mtoto."

Akacheka. Akaona sicheki. Akatazama juu na chini ya ngazi kama kuna anayesikia.

"Poda ipi?"

"Unaniuliza poda ipi?"

"Si lazima nijue, kama nitayapaka yote?"

Kama tungekuwa nyumbani ningemchapa kibao, mtu mzima vile vile. Nikashusha pumzi. "Nisikilize. Rangi yako inatoka. Si kwa sabuni tu. Inatoka kwa kidole chenye maji."

Nimemlea, namjua: akishangazwa huuliza maswali mpaka unachoka, akiwa na jambo lake hutazama viatu. Alikuwa anatazama viatu.

"Ulijua," nikasema.

"Dada."

"Ulijua na ukaniacha nikaipeleka mbele ya Mkurugenzi."

"Rangi ile bila vanishi juu yake haistahimili maji. Ni kawaida yake. Mara ya kwanza si nililileta na vanishi? Wewe ulikuwepo. Linang'aa vizuri, gumu, hata ulikwangue na ufunguo. Akalisukuma kwa kidole kimoja. Nikalileta la pili, vanishi nyepesi, akalisukuma. La tatu nikaacha vanishi, akaniita fundi. Ningefanya nini?"

"Ungesema."

"Nilikuwa nangoja mgundue wenyewe. Kila siku nasema leo watagundua. Mnalishika na glavu, mnaliweka kwenye taa, mnalirudisha. Nikasema labda na wauguzi wanavaa glavu."

"Wauguzi wananawa mikono mchana kutwa."

"Kuna vanishi isiyong'aa. Nimeiulizia, ipo, ila inachukua muda kufika. Asaini leo tu. Ikija, nayapaka yote upya na hakuna atakayejua."

"Mimi najua."

"Wewe si mtu baki. Wewe ni dada yangu." Akaniangalia sasa, macho mekundu. "Wifi yako yuko katika mwezi wake wa kujifungua. Niende nikamwambie nini? Kwamba tulipata kazi kwa kutwa moja tu?"

Hilo lilinichoma. Nilimhurumia, na huruma ile ilinitia hasira, maana alijua atanipatia pale. Nikakumbuka nilivyomwambia acha ajira, njoo. Nikaachia mkono wake wa shati, nikaukunjua, nikajaribu kuunyoosha.

"Mficha uchi hazai," nikamwambia. "Nenda kwake mwenyewe, sasa hivi, kabla Matroni hajafika. Mwambie rangi inahitaji vanishi na vanishi inahitaji muda. Ukisema wewe, ni fundi mwaminifu, atakusubiri. Nikisema mimi, ni fundi aliyekamatwa."

Alifikiri. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Sawa, dada. Umesema kweli."

Nilisimama pale pale nikimtazama akipanda. Alibisha mlango wa Mkurugenzi. Akaingia. Mlango ukafungwa. Nikasikia sauti zao, ya Mkurugenzi ikawa nzito, kisha ikawa nyepesi. Alipotoka aliniinulia mkono kwa mbali, kama mtu aliyemaliza. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu bafuni. Nikanywa maji bilauri mbili na nikamsamehe, sabuni, poda na uongo wake wote.

Nikaenda kumwona Mkurugenzi ili nisikie amesemaje. Nilimkuta anajinyoosha koti mbele ya kioo.

"Fundi amekuja kuongea nawe, bosi?"

"Amekuja. Kijana ana adabu sana yule. Amekuja kunishukuru."

Nikasubiri aendelee. Akaendelea kujitazama kiooni.

"Kushukuru tu?"

"Na kuniuliza Matroni anafika saa ngapi. Nikamwambia yuko getini." Akageuka. "Mbona umekauka? Chukua sinia, ulete mama."

Sikupata hata nafasi ya kumtafuta. Kwenye chumba cha rangi mdogo wangu alikuwa ameshasimama ukutani, mikono nyuma. Nilimtafuta macho, akayaficha. Injinia aliweka bilauri ya maji mezani kwa ajili ya mgeni.

Matroni aliingia bila kishindo. Ni mama mnene, viatu vyake ni vya mpira, kucha zake amezikata hadi mwisho, na ngozi ya vidole vyake imepauka kwa kunawa. Akatusalimia mmoja mmoja, akakaa. Mkurugenzi akamsogezea glavu nyeupe.

"Za nini?"

"Utaratibu wetu. Kulinda sampuli."

"Glavu navaa nikimgusa mgonjwa," Matroni akasema. "Hii itashikwa na mimi. Niache niishike."

Mkurugenzi alisita. Mteja ni mteja. Akarudisha glavu mfukoni.

"Subiri kidogo basi," Matroni akasema. Akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kutakasa mikono, akabonyeza, akasugua viganja, akapitisha katikati ya vidole. Alifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu anavyopangusa miguu mlangoni. Viganja vyake vikabaki vinang'aa kwa majimaji. Akavinyoosha kwangu.

"Mpe," Mkurugenzi akaniambia.

Nilikuwa na sinia mikononi. Ganda lilikuwa juu yake, kijani, lina ukungu wake, zuri kweli, siwezi kukataa. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya Matroni. Akatikisa kichwa taratibu mara moja. Aliniomba kwa macho yale yale aliyokuwa akiniomba nayo akiwa mtoto, nisimwache peke yake gizani. Nikawaza: liache liende. Pengine mikono itakauka kabla. Pengine atalishika kidogo tu. Nikalisogeza sinia.

Kisha nikalirudisha.

"Matroni, naomba usilishike."

Injinia aliacha kuandika. Mkurugenzi akaniangalia kama nimevua nguo.

"Unasemaje?"

Nikaweka sinia mezani. Nikavua glavu ya kulia, nikaitupa. Sijawahi kuuona mkono wangu mtupu ndani ya chumba kile. Nikachovya kidole kwenye bilauri ya mgeni, nikalishika ganda, nikasugua mgongo wake. Sikusugua kwa nguvu. Niliponyanyua kidole kilikuwa kijani, na pale nilipogusa palikuwa kijivu.

Matroni alivuta ganda kwa ncha ya kidole, akainama, akatazama kwa muda.

"Hii ingeishia kwenye midomo ya wagonjwa wangu," akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

"Na ukungu?" Mkurugenzi aliuliza, polepole.

"Ni poda, bosi."

"Poda."

"Ya mtoto."

Akavua glavu zake, moja, nyingine, akazikunja pamoja kama soksi. Nilimwonea huruma, alikuwa amelipenda kweli lile ganda.

"Umejuaje?"

"Lililowa. Nimejua leo asubuhi, bosi. Nilipaswa kusema kabla hujasaini, nikaogopa."

"Wewe umejua leo." Akageukia ukutani. "Na wewe, fundi?"

Mdogo wangu alitazama viatu.

"Sikiliza vizuri kabla hujanijibu," Mkurugenzi akasema. "Fundi aliyejua akanificha, hatapaka hata mlango wa choo cha jengo hili. Lakini kama fundi alitaka kusema akazuiwa na mtu wangu mimi, basi uchafu ni wa nyumbani kwangu. Fundi huyo hana kosa, na nitampa nafasi arekebishe."

"Mkirekebisha mniite," Matroni akasema. "Kompyuta tunazihitaji. Nitakuja na mikono hii hii."

Nikamngojea mdogo wangu. Nilikuwa na hakika. Nilijua atababaika, atalia pengine, kisha atasema kweli na mimi nitasimama naye, nitamwombea, nitasema ni kijana, nitasema hata sisi wenyewe hatukuwahi kulishika kwa mkono. Maneno ya kumtetea nilikuwa nimeshayapanga mdomoni.

"Nilijua tangu mwanzo, bosi," akasema. "Nilitaka kukwambia. Hata leo nilikuja ofisini kwako kwa jambo hilo." Macho yake hayakutoka kwenye viatu. "Dada aliniambia ninyamaze."

Masikio yaliniziba. Niliona midomo ya Injinia ikisema kitu, sikukisikia. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeusema msemo huo mara ngapi juu ya ndugu za watu wengine, nikiwa nimekaa raha mustarehe, miguu juu ya stuli.

"Ni kweli?" Mkurugenzi aliniuliza.

Niseme hapana, neno moja tu, na Mkurugenzi angeniamini. Nilikuwa nimelisugua ganda mwenyewe mbele ya mteja, nani angemwamini fundi? Karakana ingefungwa leo. Wifi yangu angejifungua katika chumba ambacho nyuma yake kuna feni iliyozimwa. Niseme ndiyo, na mimi ndiye niliyemficha Mkurugenzi wangu, nikamziba mdomo fundi, nikamwacha asaini poda.

Nilikuwa na hasira naye ambayo sijawahi kuwa nayo juu ya mtu. Nilitaka aniangalie tu. Angeniangalia, sijui ningejibu nini.

Hakuniangalia.

"Ni kweli, bosi," nikasema.

Matroni aligeuza shingo akanitazama, kisha akamtazama mdogo wangu, kisha akatazama kidole changu cha kijani. Mkurugenzi akanyoosha mkono. Ilinichukua muda kuelewa kwamba anataka koti. Nikafungua vifungo, nikamkabidhi, nikabaki na blauzi yangu nyekundu katikati ya chumba kile cha kijivu.

"Kanisubiri chini kwa mlinzi," akasema. "Usiondoke. Sijamalizana na wewe."

Nikaenda. Nyuma yangu nikasikia Mkurugenzi akivuta pumzi, akibadilisha sauti, akiwa tayari ni mtu wa kazi tena. "Haya, fundi. Njoo mezani utueleze habari ya hiyo vanishi."

Niligeuka mlangoni. Mezani kiti kilichokuwa wazi kilikuwa changu. Mdogo wangu alikitazama kidogo, akakivuta, akakaa.